Uko Chomboni ama Uko Nchi Kavu?

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani hata leo, mwanangu, na nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka wajukuu huulizana babu amepatwa na nini. Ilikuwa kisiwani Fuma, katika visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayu, maji yamekupwa, nami nimesimama mchangani na fimbo ya gofu mkononi, kijana wa miaka ishirini na miwili anayejiona amefika. Shangazi yangu Mwanarehema alikuwa hatua chache kutoka niliposimama, ameinama juu ya jiwe lake akipiga pweza. Akasita, akaninyanyulia uso, akaniuliza, "Lali, uko chomboni ama uko nchi kavu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya mtu. Lakini nikianza nalo nitakuwa nimekupa mkia wa samaki kabla ya kichwa, kwa hiyo nivumilie. Uzee una starehe chache, na mojawapo ni kusimulia polepole.

Nayaandika haya kwa sababu wiki hii wamenijia vijana watatu hapa pwani ya Kismayu nilikorudi kuishi uzeeni, kila mmoja na siku yake, wote na kilio kimoja. Wengine huniita baba, wengine huniita adeer, yaani ami kwa Kisomali, na mimi huitika kote. Wanasema, "Adeer, mpira wa kwanza unaruka vizuri, mitatu inayofuata inakwenda kombo. Mkono wangu una nini?" Mkono wao hauna kitu. Nawaambia wavue viatu, wanashangaa. Wenye bajaji wanaopita barabara ya juu hutupigia honi, kwa maana wakitutazama kutoka kule, tunaonekana watu wazima tunaochimba mchanga kwa fimbo bila kutafuta chochote.

Basi sikiliza. Vita vilipotutoa makwetu, mama yangu alitufikisha Mombasa, akatupanga katika chumba kimoja kwa jamaa zetu, watu tisa na birika moja la chai. Mimi nilikuwa nimezoea bahari tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilijua kutupa nyavu, kuchota maji ndani ya mashua, kusimama juu ya ubao wenye utelezi huku mawimbi yakinirusha. Mombasa sikupata mashua. Nilipata kazi ya ukedi katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kedi ni yule anayewabebea wachezaji mifuko ya fimbo, anatembea nyuma yao juani, na anatafuta mipira yao vichakani bila kuwaambia wanachostahili kuambiwa.

Jumatatu wachezaji hawakuwapo, nasi makedi tuliruhusiwa kucheza. Nilipenda mchezo ule kwa moyo wote, na sioni haya kusema. Mpira ukikaa sawasawa katikati ya fimbo, unasikia mlio mmoja mdogo mtamu, na mkononi husikii kitu, kana kwamba hukugusa chochote. Mara moja kwa mara kumi niliupata mlio huo. Mara tisa zilizobaki mpira ulikwenda alipotaka shetani. Nami kila ulipokwenda kombo, nilizidisha nguvu.

Siku moja msimamizi wa uwanja, bwana mmoja mkimya mwenye penseli nyuma ya sikio, alitukusanya akatuambia kwamba anahitaji mwalimu wa kuwafundisha wanaoanza, na atamchagua miongoni mwetu siku ya mashindano ya makedi, mwezi ujao. Hiyo ilikuwa kazi ya kudumu. Kedi huamka asubuhi hajui kama ataitwa, lakini mwalimu anajua. Mama yangu angeweza kuondoka katika kile chumba cha watu tisa akawa na mlango wake mwenyewe wa kufunga na kufungua. Nilimwambia mama, akafuta macho kwa ncha ya leso. Akasema nisiende mashindanoni kabla ya kumwona shangazi yangu, aliyekuwa amerudi Fuma baada ya miaka ya ukimbizi, nikapate dua yake. Shangazi ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu wa kwanza. Kulikuwa na nahodha wa Ras Kamboni aliyekuwa Mombasa akirudi kwao. Nilimpa salamu zinitangulie. Nikamwambia, "Mwambie shangazi Lali anakuja, na sasa ni mwalimu."

Sikusema huenda, wala inshallah. Nilisema ni mwalimu, na nahodha akaubeba uongo wangu mpaka kisiwani bila kuulowesha.

Wewe umezaliwa zama za simu, kwa hiyo huenda hujui neno mwalimu lilikuwa na uzito gani visiwani kwetu. Mwalimu wa skuli hatukumjua sana. Ukisema mwalimu, watu walimwona mtu wa chuo cha Kurani, mtu wa dua, anayeitwa mtoto akizaliwa na mgonjwa akizidiwa. Mwalimu wa Fuma alikuwa Kismayu kwa matibabu ya macho, na hakuna aliyejua atarudi lini. Na watu waliorudi kisiwani walikuwa wamemaliza kukifukua kisima cha zamani kilichojaa mchanga wakati wa vita. Walikuwa wanangoja mtu wa kukisomea dua.

Nilipanda gari hadi ilipoishia njia, nikashika chombo kutoka Kiunga, nikapita Ras Kamboni, nikafika Fuma na mfuko mrefu begani, ndani yake fimbo moja ya chuma namba saba na mipira sita. Ufukweni nilikuta watu wamevaa kanzu. Nilidhani kuna maziko. Mzee Athumani, mkubwa wa kisiwa, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akautazama mfuko wangu kwa heshima kubwa.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Hizo ndizo juzuu za Kurani?"

Mwanangu, nilitamani bahari inirudishe nilikotoka. Shangazi alisimama nyuma yao, amejifunga leso yake bora, uso wake unang'aa kwa fahari, akinitazama kama mama wa bwana harusi. Wakanipeleka moja kwa moja kisimani. Ubani ulikuwa unafuka tayari. Wakapiga duara, wakainua mikono, wakaningoja.

Hatimaye nikasema ukweli, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Nikasema mimi si mwalimu wa chuo. Mimi nafundisha, au tuseme natarajia kufundisha, kupiga mpira mdogo kwa fimbo ya chuma mpaka uingie shimoni.

Kisha Mzee Athumani akauliza polepole, "Na ukishaingia shimoni?"

"Unautoa, unakwenda shimo jingine."

Bibi mmoja alianza kucheka, akajaribu kujizuia kwa leso, akashindwa. Kicheko kikazunguka kisima chote. Wakacheka mpaka kanzu zikawapanda magotini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeumia, na kijana aliyeumia hutaka kujionyesha. Nikasema, "Subirini muone." Nikatoa fimbo, nikaweka mpira mchangani, nikaelekea upande usio na watu. Nikajikusanya kwa nguvu zote nilizojaliwa na Mungu, nikapiga.

Mpira haukwenda nilikoelekea. Ulichomoka ubavuni mwa fimbo, ukapita juu ya ubani, ukavuka ua wa makuti wa shangazi, na tukasikia mlio mmoja. Si ule mlio mdogo mtamu niliokwambia. Huu ulikuwa mlio wa chungu.

Shangazi alikuwa na mtungi wa maji aliopewa na mama yake. Siku waliyokimbia vita hakuweza kuubeba, akauzika mchangani nyuma ya nyumba kama anavyozikwa mtu, kwa kitambaa na bismillahi. Miaka yote aliyokaa kambini aliuwaza. Aliporudi aliufukua kwa mikono yake, akaukuta mzima, hauna hata ufa. Vita havikuuvunja. Nikauvunja mimi, kwa mpira usiozidi ukubwa wa ndimu, nikijaribu kumwonyesha kwamba nimekuwa mtu.

Alisimama juu ya vigae, akayatazama maji yanavyozama mchangani. Akasema tu, "Hayo yalikuwa mai ya mvua." Kisha akaingia jikoni, akawapikia wageni chai kwa maji ya kisima, na maji ya kisima cha Fuma yana chumvi. Watu wakanywa ile chai, wakasifu, hakuna aliyekunja uso. Hicho ndicho kilichonichoma kuliko matusi ambayo wangeweza kunitukana.

Kesho yake asubuhi maji yalikupwa sana. Shangazi alikwenda mwambani mapema, akarudi na pweza wawili. Mimi nilikuwa mchangani na mipira yangu mitano iliyobaki, napiga. Hasira za jana nilizitia zote kwenye fimbo. Mmoja ulikwenda baharini. Mmoja ulijifukia palepale mbele ya miguu yangu. Shangazi alimlaza pweza wa kwanza juu ya jiwe, akashika gongo lake la mti wa mkandaa, akaanza kazi.

Kama hujawahi kuona pweza akipigwa, nikueleze. Pweza mbichi ni mgumu, ukimpika hivihivi utamtafuna mpaka adhana ya alasiri. Lazima apigwe alainike, apigwe muda mrefu, na kila pigo liwe sawa na mwenzake. Ukipiga kwa pupa ngozi inachanika na nyama inageuka uji, na ukimpapasa habadiliki. Shangazi alipiga huku akivuta uradi kwa jina la Mungu Mpole, "Ya Latifu, Ya Latifu." Gongo lilipanda na neno, likashuka na neno, likaanguka palepale lilipoanguka kwanza. Mlio wake haukubadilika. Nilijikuta nimeacha kupiga, namsikiliza.

Hapo ndipo alipopumzika, akanitazama kuanzia nyayo hadi utosini, akaniuliza lile swali. "Lali, uko chomboni ama uko nchi kavu?"

"Niko nchi kavu, shangazi."

"Miguu yako haijui. Tazama unavyosimama. Wayumba kama mchu anayengoja wimbi." Kwa Kibajuni chetu mtu ni mchu. "Ukinyanyua hicho kichuma wegemea huku, ukikishusha wakimbilia kule, magoti yapanda na kushuka. Hapana wimbi hapa, mwanangu. Wimbi ni wewe."

Nilijitazama. Wallahi alikuwa amesema kweli. Maisha yangu yote nilikuwa nimesimama juu ya kitu kinachosogea, na mwili wangu ulikuwa umejifunza kusogea nacho kabla hakijasogea. Ndani ya mashua hilo ni jambo la kukuokoa. Kwenye nyasi ni balaa, maana kila nilipopiga nilikuwa nimehama. Wenzangu makedi walikuwa watu wa bara na watu wa mjini, kosa hilo hawakuwa nalo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuliona kwangu. Lilihitaji Mbajuni kulijua.

Nikamwambia, "Nifanyeje?"

"Ndoo hapa," akaniita nisogee, akanisimamisha mbele ya jiwe. "Chimba kwa nyayo mpaka mchanga ufunike vidole. Haya. Sasa nyanyua gongo. Usilikabe namna hiyo, halikukosei kichu. Lishike mradi lisianguke. Tazama pale unapotaka kupiga, usimtazame pweza mzima. Sema Ya Latifu, upige neno likimalizika."

Nikapiga pweza asubuhi nzima. Mwanzoni gongo lilitua kila mahali, mara kichwani, mara mikiani, mara jiweni likanitetemesha meno. Shangazi hakunisifu wala kunikemea, alikuwa akisogeza tu pweza. Jua lilipopanda nikaanza kuusikia mlio wangu ukifanana na wenyewe. Akamgusa pweza kwa kidole, akasema, "Huyu ataliwa." Mchana tukamla na wali wa nazi, na sijala pweza mtamu kama yule tangu siku hiyo.

Kuanzia hapo nilikuwa na siku saba kabla ya kurudi. Maji yakikupwa, nilichora mstari mchangani kwa kidole, nikasimama uwe kati ya miguu yangu, nikazika vidole, nikapiga bila mpira. Halafu nikainama kutazama mchanga ulipokatwa. Mchanga ulinieleza kila kitu. Fimbo ikianza kukata shubiri moja nyuma ya mstari, najua nimebaki mguu wa nyuma, kama mtu anayesita kushuka chomboni. Isipokata kabisa, najua magoti yamepanda. Nilichotaka ni mkato unaoanza mstarini na kwenda mbele, upande unakotaka mpira uende, tena mwembamba. Siku ya kwanza mikato yangu ilitapakaa kama nyayo za kuku. Siku ya nne nilipata mitano mfululizo mahali pamoja, nikapiga kelele, na Mzee Athumani akaja mbio akidhani nimechomwa na taa, yule samaki mwenye mwiba. Nikamwonyesha ile mikato. Akaitazama sana, akasema, "Mashallah," kwa adabu tu, bila kuelewa hata kidogo. Maji yakajaa yakafuta yote, kesho nikaanza upya.

Nikarudi Mombasa. Siku ya mashindano upepo ulivuma, na mama alikuja akasimama nje ya ua wa kamba pamoja na wake za makedi, leso imefungwa kiunoni. Tulikuwa makedi kumi na wawili. Aliyetarajiwa kushinda ni Kazungu, rafiki yangu, mrefu kama mnazi, ambaye mpira wake ukipaa hujui utatua wilaya gani. Msimamizi alitembea nyuma yetu na penseli yake na kijidaftari.

Nilianza vizuri. Lakini shimo la saba lilikuwa ukingoni kabisa mwa bahari, mawimbi yakipiga chini ya jabali, na ule mlio ulipoingia masikioni nikahisi magoti yameanza. Mwili ulikuwa umerudi chomboni. Nikaweka fimbo chini. Nikavua viatu, nikavua na soksi, nikazikandamiza nyayo kwenye nyasi mpaka nikaihisi ardhi imetulia chini yangu.

Msimamizi akanisogelea. "Unafanya nini wewe?"

"Natafuta nchi kavu, bwana."

Makedi wakaangua kicheko. Yeye akaandika kitu. Mimi nikasema Ya Latifu moyoni, nikapiga neno lilipomalizika, nikausikia ule mlio mdogo mtamu. Nikamaliza mashimo yote miguu mitupu.

Kazungu alishinda. Alinizidi kwa mapigo mawili, akapewa redio, tukambeba juu. Nilimtazama mama kule nje ya ua, naye alikuwa anapiga makofi kwa ajili ya Kazungu, lakini niliona mabega yake yameshuka. Nikajua ule mlango wake umekwenda na redio.

Ndipo msimamizi akatoa penseli sikioni. Akasema, "Mshindi tumempa redio yake. Sasa mwalimu." Akafungua kijidaftari. "Kazungu amepiga mipira minne ambayo sijapata kuiona hapa, na mingine sita bado tunaitafuta. Huyu Lali hakupiga hata mmoja wa ajabu. Lakini nimetazama nyasi alipokata kila alipopiga. Zote zilikatwa mbele ya mpira, zote sawa. Anayeanza namtaka ajifunze hilo." Akanigeukia. "Nani alikufundisha?"

"Shangazi yangu."

"Anacheza uwanja gani?"

"Hachezi, bwana. Anapiga pweza."

Kazungu ndiye aliyecheka kwanza, akanikumbatia na redio yake mkononi, akaniambia afadhali wewe, mimi nisingeweza kukaa na watu wazima wanaopiga nyasi siku nzima. Mama hakungoja kufunguliwa geti. Alipita chini ya kamba, akaja kunishika uso kwa mikono yote miwili mbele ya watu. Mwezi uliofuata alipata nyumba yenye mlango wake. Wiki nzima ya kwanza alikuwa akiufunga na kuufungua bila sababu.

Nilipopata ruhusa ya kwanza nilinunua mtungi, nikausafirisha nimeupakata kama mtoto, garini na chomboni, mpaka Fuma. Abiria waliniuliza una nini humo, nikawaambia aibu yangu. Shangazi aliupokea, akaugonga kwa kidole akasikiliza mlio wake, akasema, "Si ule." Kisha akasema, "Lakini ni mtungi." Akauweka mahali pa ule wa zamani, akaujaza, akanipa mimi maji ya kwanza. Nililia mbele yake bila kujificha, naye aliniacha nilie.

Mzee Athumani akaja na watu. Mwalimu wao alikuwa bado Kismayu, na kisima kilikuwa kinatumika bila kusomewa dua. "Mwalimu," akaniita, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Twendeni."

Nikasema, "Mzee, mimi ni mwalimu wa mpira tu."

Shangazi akajibu kwa niaba yake. "Wafundisha wachu ama hufundishi? Basi. Omba unachokijua."

Tukaenda kisimani, tukapiga duara, ubani ukafuka. Nilichokuwa nakijua kwa hakika kilikuwa kimoja. Nikainua mikono nikasema, "Ewe Mola wetu, ithibitishe miguu yetu." Wakaitika amina, kwa sauti iliyoshuka mpaka chini ya kisima ikarudi. Mzee Athumani akapangusa uso kwa viganja, akatazama ukingo wa kisima ulivyojaa utelezi, akasema dua hiyo imekuja mahali pake, maana juzi nusura atumbukie. Tukacheka sote, na mimi nikacheka nao.

Shangazi ametutangulia sasa, Mungu amrehemu. Mtungi uko hapa uani kwangu Kismayu, na wanaokuja kupiga mipira hunywa maji humo kabla sijawafundisha neno.

Basi mwanangu, ukitaka kila pigo lifanane na mwenzake, usiniulize kwanza habari ya mkono. Simama. Jua umesimama juu ya nini. Kama ulikotoka palikuwa panasogea, na wengi wetu tulikotoka pamesogea sana, mwili wako bado unangoja wimbi ambalo halipo tena. Uambie taratibu kwamba umefika. Shika fimbo bila kuikaba. Tazama mahali pamoja. Chora mstari mchangani, piga, uinamie alama yako uisome bila kujidanganya na bila kujitukana, kisha uchore mwingine. Siku ambayo mwenzako atapiga mpira wa ajabu, mpigie makofi kwa moyo, urudi kwenye mstari wako. Na usijiite mwalimu kabla watu hawajakuita. Mimi jambo hilo lilinigharimu mtungi uliozishinda bunduki.

Kesho maji yatakupwa mapema. Njoo, uvue viatu. Mola akupe mkono mpole na jicho lililotulia, akupe watu wa kukuambia ukweli huku wakikupikia chai, na popote atakapokushusha, bara au pwani, Mola aithibitishe miguu yako. Amina.